Kabati la Matembezi

Mtaani kwetu asubuhi haianzi kwa jogoo. Inaanza pale mlango wa Baba Kabati unapofunguliwa pande zote mbili, na kabati la nguo likatoka nje limelala chali, miguu ikitangulia, mithili ya mgonjwa anayepelekwa kuota jua. Upande wa miguu kashika Baba Kabati mwenyewe, kaligeuzia kabati mgongo, vidole kavipinda nyuma chini ya ukingo. Upande wa kichwa kashika mkewe, Mama Kabati. Nguo zote zimebaki kitandani, zimejinyoosha kama wageni waliochoka.

"Mbele!" mama huita.

"Naam, Nyuma!"

"Kizingiti."

"Nimeshakivuka. Kimeniuliza hali yako."

Basi huenda. Hupita kwa kinyozi kwenye kona, hupita posta, huuzunguka mzunguko wa magari, hupanda mwinuko hadi kwenye tangi kubwa la maji. Huko juu hugeuka. Kabati haligeuzwi, wao ndio hugeuka, kila mtu pale pale aliposimama, na aliyekuwa Nyuma akawa Mbele. Kisha hurudi nyumbani bila kulitua njiani hata mara moja. Huoga maji baridi wakiimbiana kupitia ukuta wa bafu, hupakana mafuta mabegani, hunywa chai, hulishana machungwa, ndipo wakaenda kufungua kibanda chao cha misumari.

Kinyozi hutoka mlangoni kila siku, wembe mkononi, akauliza swali lile lile aliloanza kuuliza kabla yeye mwenyewe hajaota ndevu: "Baba Kabati, mnahama?"

Jibu ndilo hubadilika.

"Tunahama kutoka jana."

"Limeota vibaya, tunalipunga upepo."

"Mke wangu kaniambia nitoe kabati. Hakusema nilipeleke wapi."

Na trafiki wa pale kwenye mzunguko, siku ya kwanza alipowaona, aliwanyooshea kiganja akawasimamisha. Alilizunguka kabati akilichungulia. "Kama hiki ni chombo cha usafiri, taa ziko wapi? Na kama ni mtembea kwa miguu, mbona amelala?" Alifikiri mpaka magari yakajaa nyuma yake yakipiga honi. Mwishowe akasema, "Nitawahesabu kuwa maandamano. Maandamano ya watu wawili. Pitieni, ila msiimbe kauli mbaya." Tangu hapo huwasimamishia magari kila asubuhi, na huwapigia saluti. Mwenyewe husema saluti ile ni ya kabati.

Kabla ya kuitwa Baba Kabati alikuwa kijana muuza misumari, mwembamba kiasi kwamba akisimama nyuma ya mizani yake ya sahani mbili, wateja walimwuliza mwenye duka kaenda wapi. Siku moja alikuja msichana kununua misumari ya banda la kuku la mama yake. Kijana akapima, sahani moja ina jiwe la chuma, sahani nyingine ina misumari, na kidole chake cha shahada, kwa bahati tu, kimeegemea ukingoni.

"Kaka," msichana akasema, "na hicho kidole nacho kinauzwa?"

"Kidole gani?"

"Hicho kilicholalia sahani. Kama kinauzwa, nifungie mkono mzima."

Kijana alicheka hadi misumari ikamwagika. Mwaka haukuisha akamfungia mkono mzima, mbele ya mashahidi.

Kabati walijinunulia wenyewe, kwa seremala wa mtaa wa pili. Hawakutaka mchukuzi, walilishika mmoja huku mmoja huku, wakalileta nyumbani kwa vicheko. Mlango wa chumba chao ukalikataa. Walilirudisha likapunguzwe, wakakuta seremala kaenda msibani. Mvua ilikuwa inanyemelea, hawakuthubutu kuliacha nje kwa watu, wakarudi nalo, likalala barazani wamelifunika shuka la harusi. Kesho yake wakalipeleka tena, seremala anaumwa. Keshokutwa seremala kapona, msumeno ndio unaumwa. Wiki nzima kabati likaenda na kurudi kama kesi ya shamba. Lilipopunguzwa hatimaye na kuingia ndani, waliliweka ukutani, wakalala usingizi wa washindi. Asubuhi wakaamka, wakakaa kitandani, wakalitazama.

"Unajisikiaje?" mume akauliza.

"Mikono yangu haina pa kwenda."

"Na yangu."

Wakalitoa nje. Hawajaacha mpaka leo.

Afya waliyoipata humo haisemeki. Kijana mwembamba akajaa akawa na mabega ya mlango. Mkewe akawa na miguu ambayo ngazi zilikuwa zinaiogopa. Lakini walichokipata zaidi ni maneno. Kuna maneno ambayo uso kwa uso hayatoki. Ukiyaambia kisogo cha mtu, tena mtu ambaye mikono yake imeshughulika, yanatoka yenyewe. Kwenda, mama alikuwa na kisogo cha baba mbele yake. Kurudi, baba alikuwa na kisogo cha mama. Kila mtu alikuwa na zamu yake. Baba alipofiwa na mamaye hakulia nyumbani, alilia wakiteremka mwinuko, na Mbele wake hakugeuka wala hakuuliza, ila alipunguza mwendo. Na ni pale karibu na posta ambapo mama alisema asubuhi moja:

"Mbele, kuanzia leo twende polepole."

"Una nini?"

"Tuko watatu."

Baba Kabati alisimama ghafla, kabati likamgonga kiunoni, na alama ile anayo. Huionyesha kama askari anavyoonyesha jeraha la vita.

Wa tatu akazaliwa, msichana. Kitanda chake cha kwanza kilikuwa ndani ya kabati, na matembezi aliyajua kabla ya kutembea. Alipofika umri wa shule alipelekwa shule kwa kabati. Walimu walizoea: kabati linasimama getini mikononi mwa wenyewe, mlango unafunguka kwa juu, anachomoza mtoto na mkoba wake, nywele zimechanwa vizuri, shikamoo mwalimu. Sasa ni nesi hospitalini, mkali kama sindano zake, na mtaa mzima tunamwita Nesi.

Ni Nesi aliyewawekea sharti. Siku alipoanza kazi aliwakalisha wazazi wake akasema, "Baba, mama, mimi nimekulia humo ndani, sina ubaya nalo. Ila nyinyi hamuwi vijana kila mwaka. Tukubaliane. Siku mmoja wenu atakaposema 'tutue' kabla hamjafika nyumbani, basi. Kabati linaingia ndani na kukaa ukutani kama makabati ya watu."

"Na kama hatusemi?" baba akauliza.

"Tembezeni mpaka mchoke."

Waliweka viganja juu ya kabati, wakaapa. Neno lile likawa kwao kama jina la mkwe, halitamkwi. Mama Kabati akishusha ndoo alisema "naiweka." Baba akiona ndege kwenye waya alisema "kakaa."

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoingia, maana liliingia kwa chafya.

Asubuhi moja wako katikati ya mwinuko, Mama Kabati akasikia chafya inakuja. Kupiga chafya na kabati mkononi ni hatari, litatikisika, litamvuta mwenzake. Akaibana. Chafya iliyobanwa ikatoka kwa mlango mwingine, ikawa mguno: "Nnngh."

Baba alikuwa katikati ya hadithi ya mteja aliyeomba auziwe nusu ya msumari. Aliposikia mguno ule akakatisha, akatega sikio. Anaguna, alijisemea. Mke wangu limemzidi.

Na kule nyuma mama akajisemea: kanyamaza katikati ya hadithi. Huyu hajapata kunyamaza katikati ya hadithi tangu nimjue. Pumzi imemwishia. Mume wangu limemzidi.

Wakafika nyumbani kila mmoja akimtazama mwenzake kwa huruma. Machungwa siku hiyo walilishana kama wagonjwa.

Watu wengine wangeulizana. Lakini kuulizana kulikuwa na hatari: ukimwuliza mtu "limekuzidi?" unamfungulia mlango wa lile neno, na neno likitoka kabati linakwenda ukutani, na maneno yote ya kwenda na kurudi yanakwenda nalo. Baba Kabati aliona afadhali anyamaze, atafute dawa. Na dawa aliipata kazini. Alikuwa anapima misumari, mkewe kampa kisogo anafunga vifurushi, na mbele ya macho yake sahani ya huku ikashuka, sahani ya kule ikapanda, nyepesi, inaelea. Aliitazama mpaka mteja akakohoa.

Maisha yake yote aliishi na mizani. Aliyoyajua yalikuwa machache, na hili alilijua kuliko yote: huku kukizidi, kule kunapungua. Basi kabati nalo si lina ncha mbili?

Katika kabati lao droo ya chini, upande wa miguu, ni ya baba, na ufunguo wake anao yeye. Kisanduku cha juu, upande wa kichwa, ni cha mama, na ufunguo wake anao yeye. Hakuna aliyewahi kuchungulia cha mwenzake; ndiyo heshima ya nyumba. Jioni ile mama akiwa anaoga, baba akaijaza droo mfuko wa bolti na misumari kuukuu. Asubuhi alipoinua upande wake, mikono ikavutika, akatabasamu gizani mwa mapambazuko. Zito. Ina maana kule kwake limekuwa jepesi.

Asichokijua ni kwamba na mama alifanya kazi na mizani ile ile miaka ile ile. Jioni ile ile, baba alipokuwa anaoga yeye, mama aliweka ndani ya kisanduku chake mawe mawili ya mizani yaliyofungwa kwenye leso.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika nyumba ile methali ilisimama kwa kichwa: usufi ulikuwa mzigo wa mtu mwenyewe, na chuma kilikuwa mzigo wa mwenzake.

"Nyuma, leo unalionaje?"

"Jepesi kama unyoya! Na wewe?"

"Mimi hata... hata sijui kama... nimeshika kitu."

Kila mmoja akasikia mwenzake anavyohema. Kila mmoja akaamua kuongeza.

Baba akatia bawaba za mageti. Mama akatia pasi ya mkaa. Baba akatia minyororo, kufuli, na kipande cha reli ambacho kilikuwa kinazuia mlango wa kibanda. Mama akatia jiwe la kunolea visu, na shoka, na kichwa cha nyundo kubwa kisicho na mpini. Kibandani bidhaa zikaanza kupotea. Mteja akiomba kufuli, baba anasema zimeisha. Mama anashangaa, zimeisha lini? Kisha anamwonea huruma: masikini, na kumbukumbu nayo inamwacha. Mteja akija kupimiwa misumari, mawe ya mizani hayapo.

"Mke wangu, mawe yako wapi?"

"Mawe? Si yamepelekwa kukaguliwa."

"Na nani?"

"Na wakaguzi, baba. Wakaguzi wa mawe."

Baba akaitika kwa upole, maana mgonjwa habishiwi. Siku zile misumari ilipimwa kwa kiatu cha baba. Sahani moja kiatu, sahani nyingine misumari. Watu wakawa wanasema, nipe misumari ya kiatu kizima, nipe ya soli tu.

Miili yao nayo ikafanya kituko. Kwa kubeba duka zima kila asubuhi wakawa na nguvu zisizo na adabu. Baba akivaa shati, mikono ya shati inaomba radhi na kupasuka. Mama alikwenda kumfungulia jirani chupa ya asali, akafungua na shingo ya chupa. Kinyozi alimpa baba mkono wa salamu siku moja, akashindwa kunyoa hadi jioni.

Nesi alikuja kuwapima presha. Mkanda alioufunga kwenye mkono wa baba ulipasuka kwa kishindo. Akafunga mwingine kwa mama, nao ukapasuka.

"Mna afya ya farasi," akasema akikusanya vipande. "Mnakula nini?"

Baba akamvuta pembeni. "Mwanangu, mimi niache. Mama yako unamwonaje?"

"Mzima, baba! Mzima kunizidi."

"Mwangalie vizuri. Anaguna."

Alipofika mlangoni, mama akamvuta pembeni nyingine. "Mwanangu, baba yako unamwonaje?"

"Mama, nyinyi wawili mmepatwa na nini?"

"Mwangalie vizuri. Hadithi hazimalizi."

Na kweli hazikumalizwa. Hilo ndilo lililokuwa linauma. Kwenye mwinuko hakukuwa tena na maneno, kulikuwa na pumzi mbili tu zinazotwangana. Mteja wa nusu ya msumari alibaki amesimama pale pale, wiki baada ya wiki, hajapewa jibu. Kinyozi aliuliza, "Baba Kabati, mnahama?" na baba akapita amekodoa macho, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za hema, bila kujibu. Kinyozi akarudi ndani, akamwambia mteja aliyekuwa na povu shavuni, "Pale pana jambo." Hakuuliza tena kwa siku kadhaa. Alisimama tu mlangoni, wembe chini, kama mtu anayepisha msiba.

Ikaja asubuhi ambayo baba aliongeza fuawe, lile pande la chuma la kufulia vyuma. Ilikuwa ya marehemu mhunzi jirani yao, na ili kuiingiza ilibidi aivue droo mbao za ndani. Na mama, kwa kuwa mioyo yao huwa inapiga hatua pamoja, jana yake alikuwa ameongeza jiwe la kusagia.

Walilitoa nje. Mlangoni hawakusalimiana na kizingiti. Kizingiti chenyewe kililia. Walipita kwa kinyozi. Walipita posta. Trafiki alipowaona akasimamisha magari ya pande zote, hata yale yaliyokuwa yameegeshwa aliyaambia yasisogee. Wakauanza mwinuko. Lami ilikuwa inaacha alama za nyayo zao.

Katikati, pale pale penye chafya, baba akaisikia pumzi ya mkewe. Haikuwa pumzi tena, ilikuwa kitu kinachokwaruza. Akaona yote kwa mara moja: kabati ukutani, nguo zimening'inia, asubuhi zisizo na kisogo cha kuambia kitu. Kisha akamwona mkewe ameanguka kwenye lami kwa sababu ya yeye kupenda asubuhi zake. Akachagua.

"Nyuma," akasema.

"Naam, Mbele."

"Tutue."

Mama akatokwa na machozi. Polepole wakaanza kupiga magoti, kabati likishuka nao, na lilipofika usawa wa mapaja, ubao wa mgongo, ulioteseka kimya kuliko wote, ukaachia kuanzia kichwani hadi miguuni.

Zikamwagika bolti na misumari. Zikafuata bawaba, minyororo, kufuli, pasi, shoka, mawe ya mizani na leso yake. Kipande cha reli kikateleza kwa mlio wa treni. Jiwe la kusagia likashuka mwinuko linabingirika kwa heshima zake, likamfikia trafiki, na trafiki, kwa mazoea, akalipisha. Fuawe haikubingirika. Ilitoboa lami ikakaa, na iko pale hadi leo, magari huizunguka.

Na kabati, lililoachwa na mzigo wake wote kwa dakika moja, likaruka juu lenyewe mikononi mwa wale wenye nguvu zisizo na adabu. Walijikuta wamesimama wima, wamelinyanyua juu ya vichwa vyao, kama watu walioshinda kombe.

Baba aligeuza shingo. Alimwona mkewe, uso umelowa jasho na machozi, mwenye nguvu, hana hata dalili ya kuanguka. Mama alitazama chini, akaiona reli.

"Reli ya kibandani hiyo?"

"Na hayo si mawe ya mizani? Si yalikwenda kukaguliwa?"

"Uliweka reli kwenye kabati, baba wewe?"

"Nilitaka kwako liwe jepesi."

"Na mimi nilitaka kwako liwe jepesi!"

"Kwa kuongeza?"

"Na wewe je, si kwa kuongeza?"

Mtu akakimbia kumwita seremala, mtu mwingine akakimbia hospitalini kumsubiri Nesi atoke zamu. Kinyozi, aliyepanda mbio aliposikia kishindo, alisema, "Basi litueni mpumzike."

"Hatutui!" walijibu kwa sauti moja, na hapo hapo wakakumbuka kwamba baba alikuwa ameshalisema neno. Neno lilitoka. Kabati lilikuwa halijagusa chini. Wakasimama katikati ya barabara, kabati juu ya vichwa, wakisubiri hukumu.

Seremala alifika kwanza, mzee sasa, kaja na nyundo yake. Aliingia chini ya kabati akalichungulia kama fundi wa magari. "Nilitengeneza kabati la nguo," akasema kutoka huko chini. "Nyinyi mmetia gereji."

"Fundi," baba akasema, "kwenye mizani, huku kukizidi, si kule kunapungua?"

"Mizani ina mhimili katikati, bwana. Inabembea. Kabati lako lina mhimili?"

Baba akafikiri. "Halina."

"Basi ukiongeza huku, unabeba huku. Akiongeza kule, anabeba kule. Mtoto wa chekechea anajua."

"Sisi hatukupita chekechea," mama akasema. "Tulipita kwenye mizani."

Nesi alifika na sare yake ya kazi, macho mekundu kwa kukesha wodini. Akatazama fuawe, akatazama wazazi wake, akatazama kabati hewani.

"Nani kasema neno?"

"Mimi," baba akasema. "Lakini mwanangu, sikiliza. Sharti letu lilikuwa la kabati. Hapa hatukuwa tumebeba kabati, tulikuwa tumebeba duka. Nilisema tulitue duka, na duka limetua, lile pale limetapakaa."

"Hoja hiyo ina nguvu," akasema trafiki, ambaye naye alikuwa amepanda kuja kuona.

"Afande, naomba ukae na magari yako," Nesi akasema. "Baba, ulisemaje neno hilo, na wewe unalipenda kabati hili kuliko chakula?"

"Nilisikia pumzi yake."

"Na wewe mama?"

"Mimi neno lilikuwa hapa," akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa juu. "Nilikuwa nangoja tufike kwenye ule mti wa taa ndio niseme. Kanitangulia."

"Jamani, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," kinyozi akasema.

Nesi hakumsikia. Alikuwa anawatazama wale wawili wenye mikono juu, ambao walimpeleka shule na kumrudisha bila kumdondosha hata siku moja. Akapiga miayo mirefu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Funguo."

Mama akasema, "Upi?"

"Zote mbili. Droo na kisanduku, kuanzia leo nitafungua mimi. Na sharti la zamani nalifuta, naweka jipya. Kila mkifika hapa mtaulizana: zito? Na mtajibu kweli. Atakayesema jepesi na si jepesi, kabati linakwenda ukutani."

Funguo zikatolewa, kinyozi akiwasaidia kuingiza mkono mifukoni na shingoni, maana wenyewe hawakutaka kuachia. Seremala akaokota misumari yao wenyewe barabarani, akaupigilia ubao wa mgongo kutoka chini, huku wao wamelishusha hadi kiunoni, wamelishika. Alipomaliza akagonga kwa ngumi.

"Sasa linabeba hata nesi."

Alisema hivyo kwa utani. Lakini Nesi alikuwa hajalala, na nyumba ya wazazi ilikuwa upande wa kuteremka. Akavua viatu vyake vya wodini, akafungua mlango wa kabati kwa juu, akaingia, akajikunja kama zamani.

"Nifungieni," akasema. "Na msinitikise."

Wakageuka pale waliposimama. Mama akawa Mbele, baba akawa Nyuma. Wakaanza kuteremka.

"Mbele," baba akaita.

"Naam, Nyuma."

"Zito?"

Mama akapima kwanza kwa mikono. "Zito kidogo. Na kwako?"

"Kwangu limelalia kichwa chake. Zito kidogo."

"Basi sawa. Enhe, yule wa nusu ya msumari. Ulimpa?"

"Sasa ngoja nikwambie..."

Wakapita mzunguko, trafiki, kesharudi kwenye zamu yake, akapiga saluti. Wakapita posta. Kwenye kona kinyozi alikuwa amewatangulia mbio, kasimama mlangoni, wembe mkononi, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Baba Kabati! Mnahama?"

"Shh!" baba akamjibu. "Kuna mtu amelala."